Mwalimu, ziwa liwe mkono wako wa kushoto

Swali la msomaji wa Lushoto: Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 66. Mwezi wa kumi nakwenda Uingereza kumwona binti yangu anayesoma Bristol. Amenipangia siku moja ya matembezi: asubuhi Stonehenge, mchana bustani ya Stourhead, jioni mji wa Bath. Nimezitazama picha za hiyo Stourhead. Naona ziwa, nyasi na vijumba vyeupe vyenye nguzo. Maua sioni. Nyumbani nina waridi, mayungiyungi na haidrenjia, na ukungu wa Usambara juu yake, kwa hiyo nyasi na maji havinishtui. Kuna haja gani ya kulipa kiingilio nikatazame ziwa? Halafu goti langu la kulia linagoma kwenye ngazi. Na je, naweza kurudi na miche au mbegu?

Shikamoo Mwalimu.

Kwanza hiyo ratiba. Stonehenge, Stourhead na Bath kwa siku moja ni kazi ya dereva, si matembezi. Niliwahi kuongoza kundi lililoshikilia hivyo hivyo. Jioni nilipowauliza wamependa nini, mmoja akajibu, kiti cha basi. Bath ni dakika chache tu kwa treni kutoka Bristol, mtakwenda siku yoyote hata mkiondoka baada ya chakula cha mchana. Stonehenge iko kando ya barabara ya A303, mashariki mwa Stourhead, na yale mawe yanaonekana ukiwa ndani ya gari. Kama siku ya kurudi uwanja wa ndege mtapita njia hiyo, utayaona dirishani, na kwa maoni yangu yanatosha hivyo. Stourhead ipe siku yake peke yake.

Sasa swali lenyewe. Umeona sawasawa, maua si mengi. Ungekuja mwezi wa sita ningekuelekeza Hidcote, kule Gloucestershire, ambako Lawrence Johnston alianza mwaka 1907 kugawa bustani yake kwa ua mrefu wa mimea, ikawa vyumba vyumba, kila chumba na maua yake. Mtu wa waridi kama wewe angeshinda pale kutwa akiandika majina kwenye daftari. Stourhead ni ya ukoo mwingine. Ilianzishwa miaka ya 1740, wakati matajiri wa Uingereza walikuwa wamechoka na bustani za mtindo wa Kifaransa, zile za njia zilizonyooka kama rula na vichaka vilivyonyolewa vikawa duara na pembetatu. Wakataka bustani ifanane na nchi yenyewe: vilima, maji, miti, malisho. Ila iwe nchi iliyopangwa na mtu mwenye jicho. Ukisikia mtu akisema ni kazi ya Capability Brown, ambaye kila bustani ya namna hii hubandikwa jina lake, mwambie siyo. Hii ilipangwa na mwenye benki.

Familia ya Hoare ilikuwa na benki mtaa wa Fleet, London. Ilianzishwa mwaka 1672 na mpaka leo inafanya kazi. Mwaka 1717 Henry Hoare wa kwanza alinunua shamba hili la Wiltshire lililokuwa la ukoo wa Stourton, na mwaka 1721 ukaanza ujenzi wa jumba jipya kwa ramani ya Colen Campbell. Mwanawe, Henry wa pili, ndiye wa bustani. Alizaliwa 1705, akaishi mpaka 1785. Wake zake wawili walitangulia mbele ya haki, wa pili mwaka 1743, na mwaka uliofuata hekalu la kwanza likaanza kujengwa kando ya maji. Wapo wanaosema bustani ilitokana na msiba. Sina ushahidi wa hilo, ila siku ukisimama pale asubuhi kukiwa kimya utaelewa kwa nini watu husema.

Ukisimama madirishani kwenye jumba lenyewe, bustani huioni. Hata ncha ya ziwa huioni. Imewekwa katika bonde lake, chini, nyuma ya mgongo wa kilima, mahali zinapotoka chemchemi za mto Stour. Hoare na fundi wake Henry Flitcroft walijenga ukuta wa bwawa kule bonde linapobanana, maji yakapanda, ziwa likazaliwa. Kwa hiyo hilo ziwa ambalo halikushtui ni kazi ya koleo na mikokoteni. Na si bustani ya kutazamwa ukiwa umekaa barazani na kikombe cha chai. Lazima ushuke, uizunguke kwa miguu, kwa mpangilio aliouweka mwenyewe. Picha ulizoziona zinakudanganya kwa sababu hiyo. Nyingi zimepigwa mahali pamoja, upande wa kijiji, daraja likiwa mbele na hekalu lenye kuba ng'ambo. Ni kama kusoma ubeti wa kwanza wa utenzi, kisha ukafunga kitabu ukasema umeuelewa.

Jambo moja ambalo ningeomba ulishike hata ukisahau mengine yote ni hili: zunguka ziwa likiwa mkono wako wa kushoto. Nakuambia kwa sababu mimi mara ya kwanza nilikwenda kinyume. Nilikuwa kibarua wa kupalilia katika bustani moja ya jirani, nikapata Jumapili ya mapumziko, nikaingia nikafuata tu watu waliokuwa mbele yangu, kumbe nao wamepotea. Nitakueleza kilichotokea tukifika pangoni.

Ukianzia kijijini Stourton utakutana kwanza na mnara wa mawe uliochongwa, mwembamba, wenye sanamu za wafalme kwenye vijumba vyao. Msimamishe binti yako hapo. Huo ni Msalaba Mkuu wa Bristol, wa kule kwake chuoni. Ulisimamishwa njia panda katikati ya Bristol tangu mwaka 1373. Karne ya 18 wenyeji wakaanza kulalamika unazuia magari ya farasi, ukahamishwa, kisha ukavunjwa kabisa vipande vikawekwa kando. Hoare akauomba, akausafirisha kwa mikokoteni, mwaka 1765 ukawa umesimama hapa. Sanamu nne za chini unazoziona ni nakala, zile za asili zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Kila nikiwapeleka wageni wanaokaa Bristol huwa nawaambia, mji wenu ulitupa, mwenye benki akaokota.

Hapo hapo pana daraja la matao matano, la mwaka 1762, na juu yake pameota nyasi. Linaonekana kama mto unapita chini yake kuingia kijijini, lakini hakuna mto, limejengwa litazamwe. Hoare alimwandikia binti yake kwamba daraja, kijiji na kanisa vikionekana pamoja mwisho wa maji vitakuwa kama mchoro wa Gaspard, mchoraji wa mandhari ya Roma aliyependwa sana na matajiri wa siku zile. Ndivyo ilivyokuwa fikra yake: picha, ila picha ya kuingia ndani kwa miguu.

Kutoka hapo njia inakupeleka kulia, kwenye Hekalu la Flora, la kwanza kujengwa. Juu ya mlango pana maneno ya Kilatini kutoka kwa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, yanayowaambia wasio wa humo wakae mbali. Wataalamu wengine wameyachukua maneno hayo wakasema bustani nzima inafuata safari ya shujaa Aeneas katika utenzi wa Virgil, kituo kwa kituo. Wengine wanasema hayo ni kutafuta makubwa. Mimi niko na hawa wa pili nusu, maana Hoare alikuwa akiongeza jengo hapa na pale kwa zaidi ya miaka ishirini kadiri alivyopata wazo, na watu hawajengi hivyo wakiwa na kitabu mkononi. Lakini pangoni nusu yangu nyingine huanza kusita.

Kabla ya kuondoka kwa Flora, tazama ng'ambo ya maji. Hekalu lenye kuba liko pale, unaona kama utalifikia sasa hivi. Ukitembea kidogo miti inalifunika. Linatokea tena limekuwa kubwa, linapotea tena. Huo ndio mchezo wake wote, na ndiyo sababu nyasi hizi si kama nyasi nyingine. Kila mahali palipo wazi pameachwa wazi makusudi, na kila kichaka kinachokuudhi kwa kukuzibia kimepandwa kikuzibie.

Halafu njia inaanza kushuka kati ya mawe yaliyotobokatoboka, kama matumbawe ya pwani, na mwanga unapungua. Unasikia maji kabla ya kuyaona. Hili ni pango la kujengwa, la mwaka 1748, chumba cha mviringo chenye tundu juu linaloingiza mwanga, na sakafu ya vijiwe vidogo vidogo vilivyopangwa. Katika shubaka amelala mwanamke mweupe, kichwa ameegemeza mkono, na maji ya chemchemi yanatiririka chini yake yakijaza birika. Ni maji baridi kweli kweli, ya ardhini, na hewa ya humo ni ile unayoijua wewe ya msituni Magamba asubuhi. Mbele ya birika pamechongwa beti za Kiingereza za Alexander Pope zinazomwomba mgeni asimwamshe mlinzi wa chemchemi. Upande mmoja ukuta umetobolewa dirisha la mawe makwaru, unatazama nje ukiwa karibu sawa na uso wa maji, na ziwa linalong'aa baada ya giza lile linakufanya ufumbe macho. Mbele kidogo yumo mzee wa ndevu, mungu wa mto, amekaa juu ya chemchemi yake mwenyewe, mkono ameunyoosha. Anaonyesha njia ya kutokea: ngazi, mwanga, na juu huko hekalu lenye kuba, ambalo sasa umelikaribia.

Mimi siku ile nilikuja kutoka upande wa pili. Nilishuka zile ngazi kama mtu anayeingia stoo, nikamkuta mzee ananinyooshea mkono kule nilikotoka. Nikatazama nyuma nikidhani nimedondosha kitu.

Hekalu hilo la kuba linaitwa Pantheon, kwa mfano wa lile la Roma, la miaka ya 1753 na 1754. Ndani yumo Hercules wa marumaru aliyechongwa na Michael Rysbrack. Yasemekana Rysbrack hakupata mtu mmoja wa kutosha, akakusanya viungo kwa mabondia na wababe kadhaa wa London, huyu mikono, yule kifua. Kaa kwenye ngazi za nje, geuka ulikotoka. Daraja, msalaba, kanisa na kijiji vyote viko ng'ambo, hekalu la Flora nalo, na unagundua kwamba muda wote ulipokuwa ukilitazama hili, na hili lilikuwa likikutazama.

Baada ya hapo unapita juu ya ukuta wa bwawa, kuna maporomoko madogo ya maji, na kilimani upande wa pili pana Hekalu la Apollo, la mviringo, la mwaka 1765, lililoigwa kwenye hekalu la Baalbek huko Lebanon. Njia ya kulipanda ni kali. Kwa goti lako, lisalimie kutoka chini.

Na goti nalo tulimalize. Njia kuu ya kuzunguka ziwa ina kokoto na mahali pachache pa mteremko, inatembeleka kwa fimbo. Shida ni ngazi za kutokea pangoni. Unaweza kuingia kwa upande ule wa mteremko, ukaona kila kitu, ukarudi ulikoingilia na kupita njia ya nje. Nakuomba usiliruke pango. Ruka Apollo, ruka Mnara wa King Alfred, ambao uko mbali, ghorofa ya matofali ya pembe tatu yenye urefu wa mita 49 na ngazi 205, lakini pango usiliruke. Watangulie wenye haraka. Ukisimama simama kama inavyotakiwa mzunguko utakuchukua saa mbili, na viti vipo. Na ukichoka keti hata kwenye nyasi. Hapa hakuna kibao cha kukataza kukanyaga nyasi, zimewekwa zikanyagwe.

Umesema mayungiyungi na haidrenjia zako. Zipo rododendroni na miti ya kigeni kila mahali, lakini nyingi si za mwenye benki. Alizipanda mjukuu wake, Richard Colt Hoare, kuanzia miaka ya 1790, na wapenda usafi wa historia bado wananung'unika kwamba aliharibu kijani cha babu yake. Huyu Richard ndiye pia aliyegharimia uchimbaji wa mamia ya makaburi ya kale ya Wiltshire, mengine karibu kabisa na Stonehenge, kwa hiyo binti yako hakukosea sana kuviweka pamoja. Alikuwa na wazimu mwingine, wa pelagonia. Hizi zinazoitwa jeraniamu kila barazani, asili yake kubwa ni kusini mwa Afrika, naye alikuwa na aina mamia ndani ya nyumba za vioo. Katika bustani yenye kuta, karibu na jumba, hadi leo pana nyumba ya vioo ya pelagonia. Nenda kaitazame. Utasugua jani, utanusa vidole, utajikuta umefika nyumbani. Bahati mbaya ile urujuani ya Usambara, iliyotoka kwenye miamba ya milima yenu ikapelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire miaka ya 1890, hutaiona bustanini, baridi ingeiua. Iko madirishani kwenye majiko ya Waingereza, na wengi hawajui inatoka kwa nani.

Kuhusu fedha za haya yote, kuna jambo ambalo kwenye vibao huandikwa kwa herufi ndogo na mimi huwa sipendi kulipita. Kampuni ya South Sea ilikuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika watumwa katika makoloni ya Hispania huko Amerika. Hisa zake zilipopanda kwa kichaa mwaka 1720, benki ya Hoare ilinunua, ikauza kabla hazijaporomoka, ikatoka na faida ya pauni 28,000 hivi. Mwaka uliofuata msingi wa jumba ukachimbwa. Siwezi kukuambia pauni hii iliingia kwenye tofali lile. Lakini sisi tuliokulia karibu na Bagamoyo na Pangani tunatazama nguzo hizi tukiwa na hesabu nyingine kichwani, na sioni sababu ya kuificha kwa adabu. Bustani ni nzuri. Hesabu nayo ipo.

Jumba lenyewe liingie kama mvua itanyesha. Lilishika moto mwaka 1902, sehemu ya kati ikateketea, watu wakaokoa vyombo na michoro kwa kuitolea nje. Kilichojengwa upya ni kizuri kiasi. Kizuri zaidi ni chumba cha vitabu cha Richard, ambacho moto haukukifikia. Watu wazima utakaowakuta wameketi katika kila chumba, na kitambulisho kifuani, ni wa kujitolea, wengi wastaafu kama wewe. Wana hamu ya kuulizwa. Waulize habari za Sir Henry Hoare na mkewe Lady Alda, wenye jumba wa mwisho. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Harry, aliyejeruhiwa vitani Palestina akafariki mwaka 1917. Bila mrithi wa kuzaa, mwaka 1946 wakaikabidhi Stourhead kwa National Trust, jumuiya ya hiari iliyoanzishwa 1895 kutunza mahali kama hapa. Tarehe 25 Machi 1947 wote wawili walifariki, siku moja, kwa tofauti ya saa chache.

Kufika. Kama binti ana gari au anakodi, kutoka Bristol ni zaidi kidogo ya saa moja. Bila gari, kuna treni ya moja kwa moja kutoka Bristol mpaka Warminster, kisha teksi, ambayo muiagize siku moja kabla pamoja na ya kurudi, kwa sababu hakuna teksi za kusimamisha barabarani vijijini na mabasi si ya kutegemea. Mtu akitokea London hupanda Waterloo, hushuka Gillingham. Hapa nina kosa langu la kukiri. Kuna Gillingham mbili. Ya kwetu iko Dorset, inatamkwa kwa G ya gari; nyingine iko Kent, upande mwingine kabisa wa London, inatamkwa kwa J. Niliwahi kuwaandikia wageni wawili, mume na mke kutoka Mombasa, jina tupu bila kutaja kaunti. Walinipigia simu wakiwa Kent, wametoka stesheni, wanauliza mbona hawanioni. Tangu siku hiyo naandika Dorset kwa herufi kubwa.

Mwezi wa kumi umebahatika. Sisi vuli ni mvua. Kwao vuli ni majani kupukutika, na Stourhead inasifika nchi nzima kwa hilo. Mitulipu ya Amerika kando ya ziwa inakuwa ya njano, miti ya maple inakuwa myekundu kama pilipili iliyoiva, na vyote vinajirudia majini. Majini hasa asubuhi, kabla upepo haujaamka, kwa hiyo fikeni geti linapofunguliwa. Mwisho wa wiki wa mwezi huo maegesho hujaa. Nendeni siku ya kazi kama ratiba ya chuo inaruhusu. Saa za Uingereza hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Baada ya hapo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na bondeni giza huanza mapema zaidi. Viatu viwe vya soli yenye meno. Baridi yenyewe mtu wa Lushoto haimtishi, ni unyevu wa chini ndio utakaokukumbuka, kwa hiyo soksi za ziada kwenye mkoba. Chakula kipo, supu na mikate na keki. Chai utaikuta nyepesi, usiwalaumu.

Kiingilio angalieni kwenye tovuti ya National Trust kabla ya kwenda, hubadilika. Binti akiwa mwanachama huingia bure mwaka mzima kwenye mamia ya mahali, na kwa kijana kuna bei nafuu, hesabu inaweza kurudi hata kwa safari tatu.

Miche, Mwalimu, usibebe. Si ukali wa forodha tu, ingawa utahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kabla ya kusafiri, na cheti cha afya ya mmea kutoka Uingereza, na mbegu ni hivyo hivyo. Ni kwamba hizo rododendroni zinabeba ugonjwa uitwao Phytophthora ramorum, uliogunduliwa Uingereza mwaka 2002. Mwaka 2009 ukaonekana umeingia kwenye misitu ya larch, miti jamii ya msonobari, na tangu hapo miti imekatwa milima kwa milima. Nilipokuwa kibarua tulikuwa tunasugua viatu kwa brashi na dawa kila tukitoka upande mmoja kwenda mwingine. Huutaki Magamba. Hata viatu vyako vya siku ile vioshe tope lote Bristol kabla ya kufunga sanduku.